Nilivyoomba Niwe Muuaji

Kwenye hoteli yangu ya chai hapa Garsen, televisheni imewekwa juu ya kabati la mandazi, na jioni taarifa ya habari ikiisha wateja hawaondoki kama kuna mchezo wa upelelezi. Wanaagiza chai nyingine ili wasiambiwe wanakalia viti bure. Maiti haijapoa, mpelelezi hajashuka garini, wao tayari wanabishana muuaji ni nani. Na wanapatia. Hawapatii kwa kufuata nyayo wala alama za vidole, bali kwa kuangalia ni nani aliyeajiriwa. "Mwigizaji mkubwa kama yule hawezi kuletwa aje kufungua mlango tu," fundi wa pikipiki atasema huku akitafuna. "Ndiye huyo." Na kweli, kabla ya majina kuanza kupita, pingu zinamfunga yule yule.

Mchezo ukiwa umepigwa picha huku kwetu, kwenye Delta ya Tana, hata ujuzi huo hauhitajiki. Akitokea mtu mwenye shuka begani na fimbo mkononi, kesi imekwisha. Wakulima wanacheka na kusema tuzime tukalale. Wafugaji wanaokaa meza ya pembeni, Waorma waliokuja mjini kuuza maziwa au ng'ombe, wanatazama vikombe vyao. Mimi nasimama kwenye jiko nikiziona meza zote mbili. Jambo hilo lilinikera miaka mingi, na mandazi yangu mengi yameungua kwa sababu yake.

Lilinikera zaidi kwa kuwa yule mwenye shuka alikuwa rafiki yangu.

Mimi ni Mpokomo, mtoto wa wakulima. Nilizaliwa Ngao, nikaolewa Idsowe, na ujane ukanileta Garsen. Baada ya wakulima na wafugaji kuumizana, miaka ile ambayo hakuna anayependa kuizungumzia, wachache wetu tulianzisha kikundi cha maigizo tukawa tunazunguka vijijini kuhimiza amani. Mimi niliigiza mama. Yeye, Muorma, aliigiza mfugaji, na hakuhitaji kuigiza sana. Watu wa televisheni walipotuona wakatuchukua sote wawili, na kila mmoja akachukuliwa na vazi lake.

Basi nimekuwa mama wa kila mtu. Nimelea yatima, nimesuluhisha ndoa, nimelia kando ya vitanda vya wagonjwa mpaka machozi yakawa yanakuja yenyewe nikisikia mwongozaji akisema "tayari". Kwenye vizuizi vya barabarani askari huinama dirishani waniamkie. Siku moja huko Madogo, mbali kabisa na kwetu, mwanamke nisiyemjua alinipakatisha mtoto wake mchanga akaenda zake dukani kununua sukari. Hakuniuliza jina. Alinijua, na alichokijua kilimtosha.

Na mwenzangu? Ameiba ng'ombe, amechoma mashamba, ameteka watoto wa shule, amepigwa risasi akatumbukia mtoni. Nje ya kamera ni mtu wa kunyonya peremende na kuogopa sindano. Katika kikundi chetu chote hakukuwa na mwigizaji wa kumfikia. Nilimwona mara moja, tukifanya mazoezi ya mchezo ambao haukupigwa picha, akiigiza mzee anayemtafuta ndama gizani, na nilisahau kuwa tuko chini ya mabati mchana kweupe. Lakini televisheni haikumwita kutafuta ndama. Ilimwita akimbie, kisha aanguke.

Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, ambaye sasa yuko kidato cha pili katika shule ya bweni huku mto unakokaribia bahari. Wasichana wengi pale ni watoto wa wakulima. Likizo moja binti huyo alimwambia baba yake asije tena siku ya wazazi. Wenzake walikuwa wakimwona baba langoni wanapiga mayowe ya mchezo, "Mwizi wa ng'ombe!", na mmoja, ambaye hakuwa anacheza, alihamisha kitanda chake kikawa mbali na cha binti.

Mwenzangu alinieleza hayo akiwa amesimama pale pa kulipia, akikoroga chai ambayo nilikuwa sijaitia sukari.

"Mimi sina hasira na yeye," alisema. "Mtoto anaona baba yake anakamatwa kila mwaka. Wewe ungefanya nini, dada?"

"Ningewafuata hao wasichana na mwiko."

"Wewe wanakupenda. Wewe hata ukibeba mwiko wataimba."

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika popote.

Haukupita muda mrefu, kampuni moja ya kutengeneza michezo ikaja kutoka Nairobi kupiga picha mchezo wa upelelezi hapa hapa Garsen. Mwongozaji alikuwa msichana mwenye adabu, anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa, na alinijia nyumbani na skripti kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote. Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Afisa wa mifugo amekuja kupima malka, ile njia ya zamani ya kupeleka ng'ombe mtoni kunywa maji. Anakunywa chai kwenye hoteli ya mama mwema, anaanguka, anakufa. Mama analia, anamfariji mjane, anamsaidia mpelelezi. Mwishoni inajulikana kuwa sumu ilitiwa kisirisiri na mfugaji aliyeogopa kwamba malka itafungwa.

Niliisoma nimesimama, kisha nikairudia nimeketi. Nilimwambia msichana anipe siku moja. Nikaenda kumtafuta mwenzangu, nikamkuta sokoni kwa wauza mbuzi, na kumbe alikuwa amekwisha kupigiwa simu na amekubali.

"Nafanya hii moja," alisema. "Namnunulia mtoto vitu ya shule. Halafu naacha kabisa. Narudi kwa ng'ombe."

"Unaacha kuigiza?"

"Naacha kukamatwa. Kazi ingine kwani iko?"

Alisema hivyo bila uchungu, na ndicho kilichonikata maini. Nilirudi nyumbani nikijiambia maneno kwa sauti, watu wakanipisha njia. Mchezo ule ukitoka ulivyoandikwa, binti angempoteza baba akiwa hai, na baba angekipoteza kitu pekee alichokiweza kuliko sisi sote. Niliapa kwamba hautatoka hivyo. Sikujua bado nitafanya nini, lakini nilijua nina kichwa kigumu, na kichwa kigumu ni mtaji.

Kesho yake mwongozaji alipokuja nilimkaribisha barazani nikamletea maji kwenye bilauri. Kabla ya kumpa nilipiga funda moja. Hakuona. Nikampa, akanywa.

"Mwanangu," nikamwambia, "kisa chako kimekufa kabla ya huyo afisa."

"Kwa nini, Mama?"

"Watu wangu watamjua muuaji kabla sijamimina kikombe cha kwanza. Wameshamjua. Nenda stendi sasa hivi waulize, hata hamjapiga picha."

Akacheka kidogo, akaandika kitu kwenye simu yake.

"Na la pili, hiyo chai haiwezi kunywewa. Umeniona nilivyofanya na maji yako?"

Hakuniona. Basi nikamweleza. Kwetu mtu akimletea mgeni kinywaji nyumbani, hukionja kwanza mbele yake. Nyanya zetu walifanya hivyo kwa tembo la mnazi na kwa maji ya kata, ili mgeni aone kwa macho yake kuwa hakuna sumu wala hila. Sisi wa kanisani tembo tumeliacha, lakini kuonja hatujaacha. Hata wafugaji wanaotutembelea wamezoea, wanangoja uonje ndipo wanyooshe mkono. Hotelini siwezi kuonja chai ya kila mteja, ningekuwa nimevimba kama kiboko, lakini mgeni wa heshima kama afisa yule, aliyeketishwa ndani na kuletewa chai na mwenye nyumba, lazima aonjewe.

"Kwa hivyo sumu haiwezekani," akasema, na uso wake ukaanguka. "Mama, nimebaki na siku chache sana. Siwezi kuandika upya stori yote."

"Inawezekana kwa mtu mmoja tu. Mtu anayeaminiwa kiasi kwamba asipoonja, hakuna atakayegundua."

"Nani huyo?"

"Mimi."

Alicheka tena, halafu akaacha. Nikaona anavyokitazama kile kisa upya kichwani mwake, kikombe kikipita kutoka mkono hadi mkono bila kugusa mdomo wangu, mbele ya kamera, waziwazi, na watu wa mjini wasione kitu.

"Lakini kwa nini umuue?"

"Kwa sababu malka nimeiuza. Nimemuuzia mtu wa mbali, kimyakimya, na afisa amekuja na kamba ya kupimia. Akipima, siri inatoka."

"Watazamaji wataniua mimi, Mama. Wewe ni Mama wa nchi nzima."

"Ndiyo maana."

Alisema hana mamlaka, itabidi awaulize wakubwa wake Nairobi. Nilimwambia awaulize, na awaambie pia kwamba wakikataa, mimi sipo, hoteli yangu haipo, na wale wanakwaya waliopanga kuwatumia kama waombolezaji watakuwa na mazoezi ya kanisani siku hiyo. Sikupaza sauti. Nilimtazama kwa ile sura yangu ya televisheni, sura ya mama, akawa hajui ashike wapi. Nadhani ni pale alipoamini kwamba naweza kuua.

Wakubwa wakakubali. Ikabaki swali la mfugaji, na hapo mwongozaji alilala akaamka na wazo zuri kuliko langu. Mfugaji awe rafiki wa marehemu, rafiki wa miaka mingi, na watazamaji waachwe wamshuku wenyewe. Mpelelezi amkamate katikati ya mchezo. Skripti isiseme neno baya juu yake hata moja, kwani watu watalisema wao wenyewe. Nilipompelekea mwenzangu habari hiyo aliwaza, peremende ikigonga meno.

"Sawa," akasema. "Wanifunge mpaka mwisho. Halafu waone haya."

Aliyepinga kwa nguvu alikuwa binti yangu mwenyewe, anayenisaidia hotelini. "Mama, wewe unauza chai," aliniambia. "Unauza chai, halafu unataka nchi nzima ikuone ukitia watu sumu kwenye chai?" Nikamwambia aoshe vikombe.

Siku ya kupiga picha walitaka nikunje uso. Mwongozaji alitaka jicho baya kidogo, tabasamu la upande mmoja, hata la sekunde tu, ili watu wapate fununu. Nikakataa katakata. Nilimwambia nitampa afisa chai kama nilivyompa kila mtu chai maishani mwangu, kwa mkono uleule na upole uleule, na asiyeona asione. Kwa hilo sikurudi nyuma hata kidogo. Wabaya niliowajua mimi hawakuwa na jicho baya. Walikuwa wanakuulizia watoto.

Kumbe tatizo halikuwa uso, lilikuwa mkono. Kamera ikawashwa, nikatoka na kikombe, nikamkaribia afisa, na mkono ukakipeleka kikombe mdomoni kwangu. Ulijipeleka wenyewe. "Kata!" Tukarudia, nikaonja tena. Tukarudia, nikajikaza mpaka shingo ikauma, nikafika mbele yake, nikafikiri nimeshinda, kumbe nimeshapiga funda. Wapiga picha wakaanza kucheka chini chini. Yule mwigizaji wa afisa aliniambia, "Mama, utakufa wewe kabla yangu." Mimi sikucheka. Nilikuwa natoka jasho. Maisha yangu yote mkono ule ulikuwa umefunzwa na mama yangu na mama yake kwamba usimpe mtu kitu ambacho wewe mwenyewe hukuthubutu kukionja, na sasa naulazimisha usahau. Mwishowe niliziba mdomo wangu kwa maneno. Nilianza kumuuliza afisa habari za safari, na za mkewe, na za mvua, na nilipokuwa bado naongea kikombe kikafika mkononi mwake. "Kata," mwongozaji akasema kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilikwenda nyuma ya jiko nikanawa mikono mara mbili.

Mwenzangu alikuwa na taabu yake. Skripti ilisema mfugaji anaingia, anamkuta rafiki yake amelala chini, analia. Aliingia, akamwona, akageuka mlangoni kwa kasi. Miaka yote ile mwili wake ulikuwa umezoea kwamba ukiona maiti, unakimbia. Mwongozaji alimwita pembeni, akamwambia tu, bila haraka, "Mzee, hakuna anayekufukuza. Unaweza kulia." Akaingia tena. Akapiga magoti, akamfunika marehemu kwa shuka lake, akatengeneza pembe za lile shuka moja moja kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto. Kisha akalia. Sitaeleza kilio chenyewe. Nitasema tu kwamba mpiga picha alisahau kuzima kamera, na kwamba sikumuuliza kitu baadaye, maana alipita mbele yangu akaenda moja kwa moja mpaka mtoni kunawa uso.

Mchezo ulionyeshwa wakati wa likizo. Hoteli ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mwenzangu alikuja na binti yake, wakaketi meza ya pembeni ya wafugaji, binti akiwa amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi kama anayengoja kupigwa. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Kikombe kilipita hadi mkononi mwa afisa. Halafu mwanamke mmoja wa Idsowe aliyekaa mbele kabisa akasema, taratibu, kwa mshangao, "Hakuonja." Wenzake wakamwambia anyamaze, Mama amesahau tu, mchezo umesahau. Walikuwa wananitetea! Mfugaji alipokamatwa, fundi wa pikipiki akapiga meza kwa furaha, "Si nilisema?" Niliiona shingo ya yule binti ikizama kwenye mabega. Yeye hakuwa anajua mwisho. Baba yake hakumwambia. Nusu saa nzima waliokuwa ndani ya hoteli yangu walimhukumu mtu aliyekaa hatua chache kutoka kwao, na mimi nikauma ulimi nikaendelea kumimina.

Kisha mpelelezi akaja jikoni kwangu, kwenye televisheni, akaniomba maji. Nikaonja, nikampa. Akaniuliza kwa nini yeye ameonjewa na afisa hakuonjewa. Hapo hotelini palilipuka. Yule mwanamke wa Idsowe alisimama juu ya benchi, "Nilisema hakuonja! Nilisema!" Fundi alishika kichwa. Waliokuwa wakicheka wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakaitazama meza ya pembeni, na fundi akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kinywani mwake. "Mzee, tusamehe bwana. Tumekufunga bure."

Nilifurahi mpaka nikashika ukuta. Kisha nikatazama mezani nikaona vikombe vilivyojaa nusu, vingi, na hakuna aliyekuwa anavigusa.

Niseme ukweli, iliniuma. Kwa majuma kadhaa wateja walipungua, na waliokuja walinitania utani wenye mifupa ndani. Kanisani mama mmoja niliyemfariji katika misiba miwili alimnyakua mjukuu wake kutoka mikononi mwangu, kisha akajichekesha. Binti yangu hakusema "nilikwambia", aliosha vikombe kwa kelele tu. Nililia, ndiyo, na si kwa ajili ya kamera. Lakini kila nilipojiuliza kama ningefanya tena, jibu lilikuwa tayari kabla ya swali kuisha. Muhula uliofuata mwenzangu alikwenda siku ya wazazi, akaingia kwa lango, akaketi na wazazi wengine. Kampuni waliponipigia kuuliza kama nitakubali kurudi kuwa mama mwema ili watu watulie, niliwaambia wanitafutie mtu mwingine wa kulea yatima. Mimi wanipe mbaya mwingine, na mfugaji wampe mtu wa kumpenda na wa kumlilia.

Lakini kilichobaki nami ni cha jioni ile yenyewe, watu walipokwisha kutoka. Nilikuwa nakusanya vikombe. Baba na binti walikuwa bado meza yao, wakiongea Kiorma, ambacho nakisikia vizuri tangu ujana, ingawa wao labda walisahau.

"Ulikuwa unamlilia nani?" binti aliuliza.

Baba yake aliisogeza chai yake pembeni.

"Mama yako," akasema.

"Siku ya mazishi hukulia. Nilikutazama siku nzima. Nilidhani hukumpenda."

Niliweka vikombe chini, polepole, visigongane.

"Mwanangu," alisema mwenzangu, "mimi sijui. Siku ile hakuna aliyeniambia ninaweza kulia."

Binti aliurudisha mtandio nyuma. Akamkumbatia shingoni, pale pale, mbele ya dirisha lililo wazi, na mimi nikazima televisheni nikatoka nje niwaachie hoteli.